Mtoto Mnene Asiyelia

Kijijini Nakhoun, 2 Juni 1997

Mwanangu Latsamy,

Hujambo mama? Sisi huku wazima wote, tunakula, tunalala, tunagombana, ndiyo uzima wenyewe. Mvua imeanza. Barabara ya kuja huku imekuwa uji, jana lori la Souk, mbebaji wetu wa mizigo ya mjini, lilikwama darajani toka asubuhi mpaka watu wakamaliza chakula cha mchana, na yeye juu ya bodi anavuta sigara kama balozi.

Kwanza umbea, maana najua unaukosa huko Vientiane. Jirani yangu Chanthone, ukimwona utacheka. Kanunua miwani. Haoni vibaya, kaipenda tu! Na binti yake Vilay ana mimba, atajifungua mwezi wa tisa. Chanthone keshaanza kukusanya kuni za kumlaza bintiye motoni akishazaa, mti wenyewe haujazaa ye keshatafuta kikapu.

Sasa letu. Mashine yetu ya kukoboa mpunga inaenda vizuri sana. Khamsing wangu anaupitisha mchele mara tatu, unatoka mweupe mpaka unaona aibu kuula. Pumba tunawapa nguruwe. Zile siku za kukanyaga kinu kwa mguu tangu alfajiri mpaka nyonga zinalia, zimekwisha, mamako mkubwa sasa nimekuwa mama wa tajiri.

Na mjukuu! Alizaliwa tarehe tano mwezi uliopita kama nilivyokuletea salamu. Mnene, shavu mpaka shingo imepotea, ndiyo maana tunamwita Tui, kibonge. Mkwe wangu Phet naye kanawiri. Nimemlaza kwenye kitanda cha mianzi, makaa chini, siku ishirini na moja kamili, sikumpunguzia hata moja. Na miiko anaifuata mpaka Tui afikishe miezi mitatu, mimi ndiye msimamizi. Wali wa kunata, chumvi ya kukaanga na tangawizi, samaki mkavu kipande kama kidole, na maji ya mizizi. Basi. Maharage hapana, mboga hapana, nguruwe usimtaje. Hata harufu! Wanawake wote wa huku wakizaa wanakuja kuniuliza mimi nini kinaliwa, nini hakiliwi.

Phet anadeka tu kidogo, anasema miguu ina ganzi, kama sisimizi wanamtembea. Nikamwambia, sisimizi wanapenda sukari, una bahati.

Mbona hukuja kumwona mtoto? Umefanya kazi ya unesi mpaka umesahau kwenu. Mimi ndiye niliyekulea mamako alipofariki, usiniletee habari za likizo.

Mamako mkubwa,
Bouavanh

*

Vientiane, 20 Juni 1997

Mama mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka. Mimi mzima. Joto la huku linaunguza, chumba changu kina dirisha moja na linaangalia ukuta. Wodi ya watoto imejaa, ndiyo sababu sikupata ruhusa, si kwamba nimewasahau. Nampenda Tui ingawa sijamshika.

Mama, nataka kukuuliza mambo machache, usikasirike. Hiyo ganzi ya Phet imeanza lini? Iko kwenye nyayo tu au imepanda? Akichuchumaa anainuka mwenyewe au anashika kitu? Ukimbonyeza vigimbi analalamika? Miguu inavimba jioni?

Na Tui, analiaje? Sauti yake ikoje?

Nauliza kwa sababu mwezi huu tumepokea watoto wanne wanene, wa miezi miwili mitatu, wananyonya vizuri, mama zao wamenawiri kama Phet. Watu wanaona unene wanaridhika. Nitakuandikia zaidi ukinijibu.

Na mama, kama inawezekana, mpe Phet yai. Moja tu kwa siku.

Wako,
Latsamy

*

Nakhoun, 9 Julai 1997

Latsamy,

Salamu ulizotuma nimezigawa kwa wote, hata kwa nguruwe. Sisi hatujambo. Souk kaoa! Mwanamke ana duka la vitambaa, kwa hiyo sasa Souk kavaa shati lenye maua, ukimtazama unataka kumwagilia maji. Chanthone kavunja miwani, kaikalia.

Barua yako nilimpa Khamsing anisomee, mimi herufi nilijifunzia ukubwani, kwenye yale madarasa ya kisomo, kuandika najiandikia, ila za mwandiko wa mtu mwingine nazisoma kwa kuzihesabu. Alipofika kwenye yai nikamwambia rudia. Karudia. Nikasema, huyu ni mwanangu kweli au mji umenibadilishia? Yai! Siku sitini na ngapi baada ya kuzaa! Unataka tumbo la Phet lioze? Mimi nimezaa mara tano na sijawahi kuonja yai kabla ya miezi mitatu. Mabibi zako wote ndivyo hivyo.

Nakujibu lakini, maana nina adabu kuliko wewe. Ganzi imefika magotini. Akiinuka anashika nguzo. Vigimbi ukimgusa anaruka. Jioni miguu inavimba, lakini si ndiyo unene huo? Aliyezaa lazima anenepe, watu wanamsifia.

Tui ni mtoto mwema. Halii. Yaani analia, mdomo unafunguka wote, uso unakuwa mwekundu, lakini sauti haitoki. Wiki ya pili sasa. Mara ya kwanza tulicheka, Khamsing akasema, huyu kajaliwa, hatasumbua mke wake. Mzee mmoja wa huku anasema koo limekauka na moshi. Mwingine kasema mama yake wa kule alikotoka kabla hajazaliwa amekuja kumchukua, ndiye anayemziba mdomo tusisikie akiitwa. Tumemfunga nyuzi nyeupe mkononi kumshikilia roho. Ananyonya kidogo, anatapika, anapumua haraka kama mbwa aliyekimbia. Itapita.

Wala usinikumbushe mambo ya zamani. Sijasema kitu, na wewe usiseme kitu.

Mvua bado. Bata wetu kala kuku wa jirani, au kinyume chake, kesi inaendelea.

Bouavanh

*

Vientiane, 14 Julai 1997

Mama mkubwa,

Leo sisalimii vizuri, unisamehe. Namkabidhi Souk barua hii mkononi, yuko hapa sokoni, anarudi huko keshokutwa.

Tui asikae nyumbani. Mpelekeni hospitali ya wilaya siku hiyohiyo mtakayosoma. Ndani nimekunja karatasi ya pili, ni ya daktari, nimeiandika kwa maneno yao. Mpe mwenyewe, mkononi, asome mbele yako. Akisema mtoto ni mnene hana kitu, mwambie asome tena.

Kwa maneno yetu ni hivi. Kuna kitu kwenye chakula kinaitwa vitamini B1. Kiko kwenye lile ganda la mchele mnalowapa nguruwe, kiko kwenye maharage, kwenye nyama ya nguruwe, kwenye karanga. Phet ameshiba, lakini hana hicho. Ndiyo maana miguu imekufa ganzi. Asichokuwa nacho mwilini hakimo kwenye maziwa, na Tui anakunywa maziwa hayohayo. Kikimwishia kabisa moyo wake unavimba, sauti inapotea. Sauti ikishapotea, mama, siku si nyingi. Dawa yake ni sindano, rahisi, karibu kila hospitali wanayo. Anaanza kupata nafuu siku hiyohiyo.

Na Phet ale. Vyote. Leo.

Sikulaumu, nakuomba.

Latsamy

*

Hospitali ya wilaya, 8 Agosti 1997

Latsamy mwanangu,

Hujambo? Nakuandikia nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, naazima kalamu ya karani ambaye ananitazama kila dakika kama nitaimeza. Nilikaa hapa siku saba mara ya kwanza, leo nimemrudisha Tui apimwe. Nimeshajua habari za wagonjwa wote. Kitanda cha tatu kuna bwana aliyeng'atwa na nyani wake mwenyewe. Sitamaliza hiyo, ni ndefu.

Tui yu hai. Nimetanguliza hilo, upumue.

Barua yako ilichelewa, unajua barabara yetu. Ilipofika ndiyo tukaondoka. Ilikuwa tarehe ishirini na moja, asubuhi. Alikuwa amekuwa wa kijivu, Latsamy. Midomo kama aliyekula zambarau. Macho wazi, mdomo wazi, sauti hamna, na kifua kinapanda kinashuka mpaka nikatamani nikishike kwa mkono nikitulize. Khamsing aliendesha trekta dogo la shamba, Phet nimempakata na yeye kampakata mtoto, maana miguu yake haikuweza kumpandisha. Nilizungumza njia nzima. Sikumbuki nilisema nini. Mtu kama mimi nikinyamaza wanajua kuna msiba.

Daktari ni kijana, mpole, ana kovu kidevuni. Kamwangalia Tui, kasema nimonia. Kampa sindano za nimonia siku hiyo, hakuna nafuu. Kesho yake asubuhi ndiyo nikamtolea karatasi yako. Nilikuwa nayo kifuani tangu jana yake, nilikuwa naogopa. Unamwambiaje daktari kwamba kakosea, mtu wa kinu kama mimi?

Kasoma. Kacheka, lakini si kwa ubaya.

"Mama, upungufu wa chakula? Hawa? Hebu tazama paja hili! Mtoto wangu mimi hana paja hili."

Nikasema, "Soma tena."

"Nimesoma."

"Mwanangu kaniambia ukisema mnene nikwambie soma tena."

Akasoma tena. Safari hii hakucheka. Akamgeukia Phet, "Dada, chuchumaa." Phet kachuchumaa. "Inuka." Phet kashindwa. Kajaribu kushika kitanda, kashindwa, kakaa chini sakafuni analia. Daktari kamgonga goti kwa kinyundo, mguu haukuruka. Kagonga tena. Wapi.

"Anakula nini?" ananiuliza mimi.

Nikamwambia. Wali, chumvi, samaki mkavu. Kwa mara ya kwanza nikayasikia hayo maneno yakitoka mdomoni yanavyosikika.

"Tangu lini?"

"Tangu azae."

"Na nani kasema asile kingine?"

Latsamy, nikainama nikamfunika Tui miguu, na ilikuwa imefunikwa tayari.

Sindano yenyewe ilikuwa ndani ya kabati lake. Wanawawekea walevi wa gongo! Kasema mwenyewe, "Tunayo tele, hatukuwahi kufikiria watoto." Kamchoma Tui saa sita mchana. Kampa na Phet yake. Saa tisa kifua kikapunguza mbio. Jioni alinyonya, hakutapika. Asubuhi yake nilikuwa nafua nepi kwenye bomba la uani nikasikia mtoto analia ndani. Nikasema moyoni, nani huyo kaingizwa, mama yake anyamazishe. Kisha Khamsing akatoka mlangoni, ananionyesha ndani kwa kidole. Alikuwa yeye. Sauti ya kukwaruza kama jogoo anayejifunza, lakini sauti. Niliangusha nepi kwenye tope.

Phet anatembea kwa kushika ukuta, daktari anasema miguu inachelewa, miezi. Anakula. Nampikia nguruwe kwa choroko, anakula na mimi nimekaa pale namtazama kila tonge, tumbo langu ndilo linaloumia.

Sasa nikuulize jambo moja, na unijibu. Nilizaa watano, ninao watatu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Wale wawili, wa pili na wa nne. Wote walikuwa wanene. Wa pili alikwenda akiwa na miezi mitatu kasoro siku nne, wa nne miezi miwili na nusu. Walikaa siku kadhaa mdomo wazi bila sauti. Siku zile tulikuwa tunaishi kando ya mto, tunanunua mchele wa mashine ya mjini, na mama mkwe alinilaza motoni siku thelathini na tisa. Kila mtu alisema ni mama yao wa kule kawachukua. Sikuwahi kumwambia Phet. Sikutaka kumtia hofu, ndivyo nilivyojiambia.

Niambie ilikuwa nini. Usinipake asali.

Mamako mkubwa

*

Vientiane, 25 Agosti 1997

Mama mkubwa, shikamoo sana.

Nimesoma kuhusu Tui nikiwa nimesimama koridoni, wenzangu wakadhani nimepata msiba. Ahsante, mama. Msalimie daktari mwenye kovu, mwambie wodi yetu inamshukuru kwa kusoma mara mbili.

Sikiliza sasa ya mbele. Phet ameze vidonge kila siku kwa miezi mitatu, asikatishe hata miguu ikipona. Mwambie Khamsing mchele wa nyumbani aupitishe mashine mara moja tu, ubaki na wekundu wake. Mnapouloweka msiuoshe mara nne kama mwafua nguo, hicho kitu kinakwenda na maji. Maharage, karanga, mayai, nguruwe, mboga za majani. Kama Phet anapenda samaki wa kuchachusha, mumpike, asimle mbichi, akiwa mbichi anaiharibu hiyo vitamini. Na akizaa tena, kulala motoni alale kama moyo wako unataka, joto halimdhuru. Kinachodhuru ni sahani tu.

Souk alipita juzi. Shati la maua ni kweli. Aliniambia barua ile alikukabidhi mwenyewe mlangoni, tarehe kumi na saba. Labda kasahau tarehe, wenye ndoa changa husahau.

Mvua huku imepungua. Mto umejaa mpaka ukingoni, watu wanakwenda kuutazama jioni, mimi pia nilikwenda. Mahindi ya kuchoma yamepanda bei. Dirisha langu limewekwa wavu wa mbu.

Wako akupendaye,
Latsamy

*

Nakhoun, 30 Septemba 1997

Mwanangu,

Salamu za mto nimezipata. Za mahindi pia, na za wavu. Kurasa mbili nzima umeniandikia, na kwa lile moja nililokuuliza ukanipeleka kutazama maji. Nilimwambia Khamsing asome tena, labda karuka mstari. Hakuruka. Kimya kingi kina mshindo, mwanangu. Nimekusikia.

Basi na mimi nikulipe kwa ukweli. Souk hakusahau tarehe. Barua alinipa kumi na saba, mkononi, nikampa na kahawa. Nilimsubiri Khamsing aje anisomee. Alikuja, kasoma mpaka pale pa ganda la mchele na maharage, nikamwambia basi, imetosha, huyu mtoto anatufundisha kuzaa. Nikaificha ndani ya kikapu cha wali. Nilimwambia Phet ni salamu tu. Khamsing kaenda kuwasha mashine. Si mwanangu wa kunipinga. Siku nne, Latsamy, mpaka alipogeuka wa kijivu. Kila siku nilikuwa nasema kesho sauti itarudi. Nilijua haitarudi, maana niliwahi kuingoja mara mbili. Lakini ningekubali ni chakula, basi na wale... Umeelewa. Niliona bora awe mama wa kule. La kuvunda halina ubani, nimelitoa.

Phet nimemwambia. Siku mbili mtoto hakunipa, siku ya tatu kaniomba nimshikie mtoto aende chooni, mwenyewe, bila kushika ukuta. Sijui kama ndiyo kusamehe, lakini mtoto kanipa.

Sasa la Vilay. Kajifungua tarehe kumi na mbili, binti. Nilikwenda kuwaona juzi. Nikamkuta juu ya mianzi, makaa chini, jasho linamtiririka, ana uso wa mwezi. Pembeni kikapu cha wali mweupe, wa mashine yetu hiyohiyo, na kisahani cha chumvi. Chanthone ananipokea kwa furaha, na wanawake wanne wamekaa.

"Mkaguzi kafika! Njoo uone kama kuna kosa."

Nikasema, "Lipo. Mpe nyama."

Wakacheka. Walidhani natania, si ndiyo kazi yangu.

"Bouavanh, usimchokoze mwenzio ana njaa," Chanthone kasema. "Jana kaomba karanga, nikamchapa mkono."

"Mpe karanga. Mpe maharage na mayai. Na mpunga mwingine mkoboe mara moja tu."

"We una nini leo? Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Si wewe uliyenilaza mimi nilipomzaa huyuhuyu Vilay? Si wewe uliyelitupa uani, mbele yangu, bakuli la mboga aliloniletea mama yangu?"

"Ni mimi."

"Basi nani kakubadilisha? Yule nesi wako wa mjini? Tui wako alikuwa na nimonia, kila mtu kasikia." Ni mimi niliyewaambia nimonia, mwanangu. Nilirudi kutoka hospitali nikasema nimonia, kwa sababu nimonia haina mwenyewe.

Nikakaa chini. Nikawaambia. Tui hakuwa na nimonia, alikosa chakula kwenye maziwa, na aliyemkosesha ni mimi. Na kabla yake nimezika wawili, wanene kama huyu, bila sauti kama yeye, na hakuna mama wa kule aliyekuja kumchukua mtu. Nilikuwa nakula nilichoambiwa nile. Nikawatajia. Kwetu mtoto wa umri huo akifa hatajwi, unajua, lakini mimi niliwapa majina peke yangu siku zile, nikayameza. Wa pili nilimwita Done. Wa nne nilimwita Siphone. Niliyasema yakasikika na watu saba, mmoja ana wiki mbili.

Hakuna aliyeniambia pole. Afadhali.

Chanthone kainuka. Nikajua ananitoa nje, na mimi nikaanza kutafuta kandambili zangu. Kaenda jikoni. Nilisikia mfuniko wa sufuria. Karudi na bakuli, nguruwe na maharage, chakula chao wenyewe cha mchana, kasimama katikati ya nyumba nalo, mchuzi unamwagika.

"Mpe wewe," kaniambia. "Mimi siwezi. Ikiwa ni kosa iwe mkononi mwako."

Nikamwambia, "Lete. Mkono wangu umezoea."

Vilay hakungoja tufike. Alinyakua bakuli kwa mikono miwili, kala amefumba macho, hapumui, mama yake amegeukia ukuta asione. Alipomaliza kalamba pembeni. Kisha kafumbua macho, kanitazama mimi, si mama yake, kauliza kwa sauti ndogo kama kuna zaidi.

Nilikwenda jikoni mwenyewe kumwongezea.

Nakuombea usingizi mzuri huko, na ukipata likizo njoo, hapa kuna watu wa kukukumbatia.

Mamako mkubwa,
Bouavanh